Mose Ameland L'shi, Sasa ni Moïse

Kuna Kenya mbili. Ya kwanza unaijua, ndio hii inakudai rent kila tarehe tano. Ya pili ni mtaa ndani ya Lubumbashi, ama L'shi, kule chini kabisa ya Congo, na ndio nililala usiku wa kwanza. Sio utani. Commune Kenya, imekaliana na Kamalondo na Katuba, ina soko, ina vumbi ya rangi ya matofali, ina machali wamekaa base wakicheki nani anapita. Kumaanisha msee wa Kenya alitoka Kenya, akakula basi siku kadhaa, akaland Kenya.

Nilikuwa nimechoka hadi nywele. Tunduma, halafu Zambia yote, Kitwe, Chingola, Chililabombwe, halafu Kasumbalesa, boda yenye malori ya shaba yamepanga laini hadi unadhani yanangoja kubatizwa. Kutoka hapo hadi L'shi ni karibu kilomita 90. Venye nilifika, form yangu ilikuwa maji ya kuoga na kitanda, basi.

Lakini mathe wa gesti alikuwa na fomu yake, ndani ya kitabu ya wageni. Nafasi tatu: nom, postnom, prénom.

"Jina yako njo nani?"

"Moses, mama."

"Aa, Moïse. Ile ni prénom. Na nom?"

Nikampea ya mbuyu wangu, yenye imetoka Agano la Kale.

"Ile nayo ni prénom."

Nikampea ya guka. Agano Jipya.

Akaweka kalamu chini, akanicheki ka mtoi amepotea soko. "Papa, izi yote ni prénom. Sasa jina yenyewe iko wapi?"

Manze, niliishiwa na maneno. Kwetu hakuna mtu amewahi niuliza hiyo swali. Si 2013 kuna msee aliwania urais akiitwa Peter Kenneth, na fomu yake haikurudishwa ati jina imekosa? Kipande yangu imejaa Bible mwanzo hadi mwisho na makarao wanaisoma tu wananirudishia. Hapa mathe mmoja na bic yake ameshtukia kitu yenye gava yetu haijawahi kushtukia.

Akaandika Moïse kwa prénom. Zile nafasi zingine mbili akaziacha wazi. Halafu akaongeza nukta mbili juu ya i, moja, mbili, mos mos, ka mtu anaweka chumvi kwa yai.

Hizo nukta sio luku. Ziko na wera. Kwa Kifaransa, o na i zikikaa pamoja bila kutenganishwa zinaungana zinatoa sauti ka "wa". Nukta ndio zinaziambia zikae mbali, kila moja ijisemee. Mo. Iz. Ukizitoa, jina inageuka kitu ingine kabisa.

Mtoto wa... nani?

Story ya jina yenyewe unaikumbuka kutoka Sunday school, hata kama ulikuwa unaendea soda. Farao ameamua watoi wa kiume wa Waebrania warushwe mtoni. Mathe mmoja anaficha wake kwa kikapu, anamweka kwa matete ya Nile. Binti ya Farao anakuja kuoga, anampata, anamfanya wake. Kitabu ya Kutoka, sura ya 2, mstari wa 10, inasema alimpea jina Musa juu alimtoa majini. Kwa Kiebrania kuna kitendo, masha, chenye maana ni kuvuta kitu itoke. Ndio hiyo sasa: Musa, msee wa kutolewa maji.

Lakini wasomi wa lugha wakaja na rada ingine. Yule binti alikuwa Mmisri, kwani alikuwa anabonga Kiebrania kwa nyumba ya Farao? Na Misri ya zamani kulikuwa na neno karibu na mose, maana yake kuzaliwa, ama mtoto wa fulani. Cheki mafarao wenyewe. Thutmose ni mtoto wa Thoth. Ramesses ni yule Ra amemzaa. Hizo jina mbele ziko na mungu, nyuma ziko na mose. Ya Musa haina mungu mbele. Ni ka jina imekatwa kichwa. "Mtoto wa..." halafu kimya.

Hapo ndio mi hushikwa. Mathe yake aliyemzaa alimnyonyesha, alimficha miezi mitatu, lakini Bible haituambii yeye alikuwa anamwita nani. Jina tunayoijua ilitoka kwa nyumba ya wale walikuwa wanamdai roho. Weka hiyo mfukoni, tutairudia.

Kutoka hapo jina ikaanza kuzunguka. Wagriki wakaichukua, Walatini wakaandika Moyses, Wafaransa wakaiwekea nukta zao. Waarabu wakasema Musa, na kwa Kurani hakuna nabii ametajwa mara mingi kumshinda, mara 136. Pwani ukiita Musa, nusu ya baraza inaitika. Kampala walikuwa na msanii Mowzey Radio. Nairobi tuko na kina Mose kila stage, na tuko na Moses Kiptanui, msee wa kwanza duniani kumaliza mbio za kuruka viunzi na maji, mita 3,000, chini ya dakika 8. Hiyo ilikuwa Zürich, 1995. Jina ya kutolewa maji, wera ya kuruka maji. Wazazi wengine huwa wanaona mbali.

Na Lubumbashi? Huko ndio hii jina ilipata nyumba.

Watatu, jina moja

Ukitaka kujua city inaheshimu nani, cheki nani amesimama tao akiwa wa chuma. L'shi, pale Place de la Poste, amesimama Moïse Tshombe.

Huyu alizaliwa 10 Novemba 1919 huko Musumba, kwa wasee wa Lunda. Damu ya kifalme, na mbuyu wake alikuwa na doo ya biashara kushinda Waafrika karibu wote wa Katanga, mkoa wa hii city, wakati huo. Walikuwa Wamethodisti, walisomea mission ya Wamarekani. Congo ikapata uhuru 30 Juni 1960. Siku 11 baadaye, 11 Julai, Tshombe akatangaza Katanga ni nchi yake pekee. Nyuma yake kulikuwa na Wabelgiji na Union Minière, kampuni ya kuchimba shaba yenye ilianzishwa 1906. Bendera ikawekwa misalaba mitatu ya rangi ya shaba, ile misalaba ya shaba yenye watu wa Katanga walikuwa wanatumia ka pesa kitambo sana. Magazeti ya nje yakampea a.k.a., Monsieur Tiroir-Caisse, Bwana Droo ya Pesa.

Na hapa lazima niongee na sauti ya chini. Ni chini ya serikali yake Patrice Lumumba, waziri mkuu wa kwanza wa Congo, aliletwa huku akiwa amefungwa, akapigwa risasi porini kando ya hii city, usiku wa 17 Januari 1961. Kwa hivyo ile chuma ya Place de la Poste, mmoja anapita anasalimia, mwingine anapita anatema mate. Kaskazini ya Katanga, wafuasi wa Jason Sendwe na chama yake ya Balubakat walipigana na serikali ya Tshombe, vijiji vikachomwa. Story ya jina huwa inategemea unaiskia ukiwa umekaa upande gani wa moto.

Moïse wa pili hakuwa na jeshi. Alikuwa rabbi. Kuna kisiwa inaitwa Rhodes, huko Mediterania, ilikuwa na Wayahudi wenye walikuwa wanabonga Kispanyola cha kale. Maisha ikawa ngumu, vijana wakaanza kuhepa, na wengi wakakuja hadi hii city, wakati huo ikiitwa Élisabethville. Wakafungua maduka, wakajenga sinagogi. 1937 akafika rabbi wao, Moïse Levy, akakaa zaidi ya miaka 50. Venye alikuwa huku, Julai 1944, Wanazi wakabeba Wayahudi wa Rhodes karibu wote wakawapeleka Auschwitz. Hebu fikiria: kisiwa imekauka, na mbegu ya hiyo jamii imebaki Katanga kwa udongo nyekundu. Hapo jina Moïse haikuwa ya mission. Ilikuja na wenyewe, na imetolewa maji kweli.

Wa tatu ni mtoto wa hizo njia mbili zikikutana. Mbuyu wake ni Myahudi wa Rhodes, mathe yake Mcongo wa huko upande wa mto Luapula. Alizaliwa Kashobwe, 28 Desemba 1964. Moïse Katumbi Chapwe. Alikamata timu ya TP Mazembe 1997, akawa gavana wa Katanga kutoka 2007 hadi 2015. Mtaani hakuna mtu anamwita jina yake yote. Ni Chairman.

Sasa cheki kitu. Musa wa Bible aliongoza watu miaka 40 jangwani, halafu akapanda mlima Nebo, akaonyeshwa nchi ya ahadi kwa macho, akafia hapo hapo. Hakuvuka. Tshombe alikuwa waziri mkuu wa Congo yote 1964, mwaka uliofuata akafutwa, akahepa nje. 1967 ndege yake ikatekwa hewani ikapelekwa Algiers, akafia huko 29 Juni 1969 akiwa mikononi mwa Waaljeria. Kaburi yake iko Brussels. Miaka yote hiyo hajarudi, ni chuma tu imerudi. Katumbi naye alikosana na Rais Joseph Kabila, akaondoka nchini 2016. Agosti 2018 akajaribu kurudi kuwania urais, akafika Kasumbalesa, boda ile ile nilipita na basi yangu. Mlango ukafungwa. Alisimama upande wa Zambia akicheki nyumbani. Mlima Nebo haukuwa mrefu, ulikuwa tu geti.

Tofauti ni kwamba huyu alivuka baadaye. 20 Mei 2019 ndege yake ikashuka L'shi, na watu walikuwa wamejaa barabara. 2023 akawania urais, akamaliza wa pili. Sisemi jina inaandika maisha ya mtu. Nasema tu, ningekuwa naitwa Moïse na niko na kiti kubwa Katanga, kila siku ningekuwa natembea na pasi yangu kwa soksi.

Gava ilipokuja kuvua watu majina

Siku ya pili nilienda kutafuta bukari na sombe. Bukari ni ugali, sombe ni kisamvu, na usiulize mara mbili. Kwa ile meza kulikuwa na mzee mmoja ana chupa ya Simba mbele yake. Hapo bia ni mbili za jadi, Simba na Tembo, ni ka kukunywa mbuga. Nikamsalimia, "Yambo, papa." Akaniuliza jina, nikasema Moïse, nikaanza kuskia nimezoea. Akacheka.

"Siye tulipokuwa batoto," akasema, "ile jina ilikuwa ya mu nyumba. Ku masomo ilikuwa hapana."

Story iko hivi. Mobutu alichukua nchi Novemba 1965, akaanza kubadilisha majina ka mtu amehamia keja mpya anapiga rangi. 1966 Élisabethville, city yenye ilikuwa imebeba jina ya malkia wa Ubelgiji tangu 1910, ikaitwa Lubumbashi, jina ya mto wake. 1971 Congo ikawa Zaïre, na Katanga ikawa Shaba. Eeh, shaba ya Kiswahili. Mkoa mzima ukaitwa jina ya kile kinachotolewa chini yake. Hadi timu ya boli haikupona: ile yenye ilikuwa Englebert, jina ya kampuni ya matairi, ndio leo ni Mazembe.

Halafu 1972 akafikia watu. Jina za Kikristo, hapana. Jean, Marie, Pierre, Moïse, zote zitoke kwa karatasi, kila mtu arudi kwa jina za mababu. Yeye mwenyewe akavua Joseph-Désiré akavaa Mobutu Sese Seko Kuku Ngbendu wa za Banga, jina yenye ikiingia mat inalipa viti vitatu. Padri akibatiza mtoi na jina ya Kizungu anawekwa ndani. Kadinali Malula wa Kinshasa alileta ubishi, akajipata Roma bila kupenda.

Hapo ndio neno postnom ilizaliwa kwa karatasi. Kwa ile nafasi ya jina ya ubatizo, wakaweka jina ingine ya ukoo, ikae nyuma ya nom.

Lakini jina ni ka moshi wa kuni, ukifunga mlango inapita chini. Mtoi alikuwa anaitwa Ilunga darasani, akifika nyumbani mathe anamwita Moïse akule. Kanisani alibatizwa kimya kimya. Na kuna kitu moja tamu ilitendeka hapa hapa L'shi. 1973 na 1974, wakati hiyo sheria ilikuwa moto, mchoraji wa mtaa anaitwa Tshibumba Kanda Matulu alikuwa anachora historia yote ya nchi, picha juu ya picha, na mtafiti mmoja Johannes Fabian alikuwa anamnunulia na kurekodi maneno yake, kwa Kiswahili ya hapa. Ndani ya hizo picha yuko Lumumba, yuko Tshombe. Gava ilikuwa imefuta Moïse kwa vipande, na kijana wa mtaa alikuwa anaichora kwa turubai za magunia ya unga.

24 Aprili 1990 Mobutu akalegeza, vyama vingi vikaruhusiwa, na watu wakaanza kuokota majina zao ka nguo ziliangushwa na upepo. Moïse ikarudi kwa karatasi.

Sasa, hapa ndio nilimwelewa yule mathe wa gesti. Mobutu alishindwa kuua Moïse. Lakini kwa kulazimisha, aliacha kitu: zile nafasi mbili za mbele zikabaki. Leo mtoi wa L'shi anaandikishwa nom, postnom, halafu ndio prénom. Katumbi Chapwe Moïse. Bible inapewa kiti, sawa, lakini mababu ndio wanakaa karibu na dirisha. Sisi hatukuwahi kuwa na Mobutu wa majina. Na wengine wetu tumebaki na Bible tupu.

Ukiita, wangapi wanageuka?

Jioni nilienda Kamalondo, mtaa wa boli. Uwanja wa Mazembe uko hapo, umefunguliwa 2011, umeshikana na makeja hadi unadhani goli likifungwa linaingia jikoni mwa mtu. Ukitaka kupima umaarufu wa hii jina, achana na hesabu. Simama pale nje saa ya watoi kupiga chenga, halafu paza sauti, "Moïse!" Hesabu shingo.

Kila mmoja ana sababu yake. Kuna yule amepewa jina ya guka, ile kitu Wacongo wanaita homonyme, na wa Lingala wanaita ndoyi. Ukibeba jina ya mtu, unabeba heshima yake. Hata mathe yako hakutukani ovyo, juu anajua ni nani anatukana. Kuna yule mathe yake alijifungua kwa tabu, akasema huyu ametolewa maji. Kuna wa Katoliki, wenye siku yao kwa kalenda ni 4 Septemba. Na kuna wale walizaliwa wakati Mazembe ilikuwa inatesa Afrika. Hao hauhitaji kuuliza.

Juu hiyo timu ilifanya mambo. Ligi ya Mabingwa walichukua 1967 na 1968, wakalala, wakaamka 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010 walipiga Internacional ya Brazil 2-0 huko Abu Dhabi, wakawa timu ya kwanza ya Afrika kuingia fainali ya Kombe la Dunia la Klabu. Inter Milan wakawafinya 3-0, lakini nani anakumbuka hiyo? Watu wanakumbuka kipa Kidiaba akiruka ruka na makalio uwanjani ka chura ameoga soda. Na 2015, Watanzania wawili walikuwa ndani, Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu. Hapo Bongo yote ilijua Lubumbashi iko wapi kwa ramani, na ilijua mdosi wa timu anaitwa Moïse.

Mi nilikaa base na machali fulani, tunakunywa munkoyo, ile kinywaji ya mahindi na mizizi. Wako na Sheng yao, wanaiita Kindubile, imechanganya Kiswahili, Kifaransa na vitu zingine zenye hata wao hawajui zilitoka wapi. Tulielewana haraka. Unajua kwa nini? Kiswahili ya L'shi haijali ngeli ka venye Sheng haijali. "Jina yangu", "ile mutu", "batu mingi". Mwalimu wangu wa Kiswahili angezimia. Mi nilijiskia nyumbani.

"Ku kwenu banakuitaka nani?" mmoja akaniuliza.

"Mose."

"Hapana. Hapa utakuwa Chairman."

Basi ikawa hivyo. Nilikuwa nimesota, mfukoni kuna faranga za chai na dola moja imechakaa, lakini kila nikipita, "Chairman! Chairman, bien?" Ukiitwa Moïse L'shi, hiyo a.k.a. inakuja na jina ka charger na simu. Mmoja akajaribu kunipea ingine, akaniita Tshombe. Dingi mmoja alikuwa anapita akasimama, akamcheki, akasema tu, "Mwana, ile hapana," akaendelea na njia yake. Base ikanyamaza kidogo. Hakuna mtu aliuliza. Miaka 60 na kitu, na jina bado inaweza kuzima story.

Fiston, Glody na Plamedi

Usidhani Moïse ndio fasheni ya leo. Watoi wa saa hii wako na ligi yao. Makanisa ya uamsho yamejaa kila kona, na wazazi wameanza kutunga jina zao wenyewe kutoka Kifaransa. Glody ni Gloire de Dieu imefinywa, utukufu wa Mungu. Plamedi ni Plan Merveilleux de Dieu, mpango wa ajabu wa Mungu, umekunjwa ukaingia kwa silabi tatu. Kuna Exaucé, aliyejibiwa maombi. Kuna Gloire, kuna Merveille, kuna Dieumerci.

Na ukisema hujui hizi jina, unajidanganya. Umezipigia kelele kwa tenje. Fiston Mayele akifungia Yanga na kutetema, ulikuwa unaimba "kijana wa baba" bila kujua, juu fiston ni venye mzazi wa Kifaransa anamwita mwanawe kwa mapenzi. Héritier Makambo ni mrithi. Trésor Mputu, nahodha wa Mazembe ile ya moto, ni hazina. Meschack Elia ametoka kitabu ya Danieli, wale vijana watatu wa tanuru. Dieumerci Mbokani ni shukrani inakimbia na viatu vya boli.

Lakini cheki nyuma ya hizo prénom. Mayele. Makambo. Mputu. Mbokani. Ya mbele inaweza kucheza na fasheni, ikatoka kwa Bible ikaingia kwa ndoto ya mathe. Ya nyuma imekaa. Ilunga ni jina ya wafalme wa Luba tangu Kalala Ilunga. Mbuyi na Kabanga ni mapacha, ukiskia moja unajua kuna ingine mahali. Hizo jina zinabonga. Zinakuambia mtu alikuja duniani na nani na nyuma ya nani.

Ya kwangu inakuambia kulikuwa na mission.

Nafasi ya kwanza

Usiku nilipigia shosho simu. Netiweki ilikuwa inakuja ikirudi. Akaniuliza kama nimekula, nikasema nimekula bukari. Akasema hajui hiyo ni nini lakini anatumai ina nyama.

"Shosho, guka kabla abatizwe alikuwa anaitwa nani?"

Akanyamaza hadi nikadhani simu imekatika. Halafu akaniambia kitu hakuna mtu alikuwa amewahi nichapia. Guka alienda shule ya mission akiwa mkubwa, ka miaka 12. Mwalimu alikuwa na orodha ya majina kwa karatasi. Ukitaka kiti, unachagua moja. Guka hakujua kusoma bado, akaweka kidole tu mahali. Hapo kidole ilisimama ndio mimi nimeandikwa hadi leo. Alipokuja kuwa na watoi, akawapea majina za orodha ile ile, juu hakutaka warudishwe mlangoni.

"Na ile ya kwanza?"

Shosho akaitaja. Mara mbili. Ya pili mos mos, ka mtu anaonja kitu hajapika kitambo. Sijawahi kuiskia. Haiko kwa kipande ya mtu yeyote kwetu, haiko hata kwa msalaba wa kaburi yake. Siiandiki hapa. Wacha nikae nayo kwanza.

Asubuhi nilipata mathe wa gesti kwa meza yake. Nikamwomba kitabu. Nafasi yangu ilikuwa bado iko venye aliiacha: Moïse na nukta zake mbili upande wa prénom, zile zingine mbili nyeupe. Nikachukua bic nikaandika kwa nom.

Akageuza kitabu, akasoma na sauti, akakosea mahali pamoja, nikamrekebisha, akasoma tena.

"Eee," akasema. "Njo ile." Akafunga kitabu, akaniuliza kama nitakunywa chai.